Siku Nilikataa Jina ya Wamuyu

Mwanangu, kuna siku moja naikumbuka hata harufu yake. Ilikuwa Jumamosi. Njahi, ile maharagwe nyeusi ya mama aliyejifungua, ilikuwa inachemka kwa jiko, na wanawake wa kikundi chetu walikuwa wamejaa kwa nyumba yangu ndogo ya mbao, kule juu ya Chaka, upande wa Nyeri, wamekuja kuona mtoto. Mimi nilikuwa na miaka ishirini na mbili na nilikuwa najua kila kitu. Sijui kama wewe umeshafika hiyo miaka ya kujua kila kitu. Ikikufikia, kaa chini mpaka ipite.

Kwetu, wanawake wakija kuona mtoto hawaulizi anaitwa nani. Wanauliza, "Ni nani amekuja?" Kwa sababu msichana wa kwanza ni mama ya baba yake ndiye amekuja tena. Si lazima awe amekufa. Anaweza kuwa ameketi hapo hapo kwa kiti, kiondo kwa magoti, akingoja kusikia jina yake ikiitwa. Ndivyo mama mkwe wangu alikuwa ameketi. Alikuwa anaitwa Wamuyu. Alikuwa ameniletea kibuyu cha uji, na kwa kichwa alikuwa amefunga kitambaa ile ya kwenda harusi.

Mwenyekiti wetu, Mama Njeri, mtu wa kelele na kicheko, akapiga makofi. "Haya, tuambie! Ni nani amekuja?"

"Ni Abigaeli," nikasema.

"Abigaeli ni mzuri. Abigaeli na nani?"

"Abigaeli peke yake."

"Hii! Huyu ameshuka na ndege? Hana watu wake?"

Wakacheka. Hapo, mwanangu, ningecheka pamoja na wao nikanyamaza, leo singekuwa na hadithi. Lakini nikafungua mdomo.

"Hiyo jina ya Wamuyu haiwezi kuingia kwa mtoto wangu. Wamuyu wa ile hadithi yetu ya mwanzo alizaa nyumbani bila mume. Na huyu wetu pia, si mnajua?"

Walijua. Kila mtu alijua. Mama mkwe wangu alimzaa mume wangu Mwangi akiwa kwa boma ya baba yake, na yule mwanaume hakuwahi kuleta hata mbuzi moja ya mahari. Baba ya mama mkwe wangu alimkatia kipande ya shamba, na yeye akalea mtoto wake na viazi na vitunguu. Ilikuwa inajulikana na kila mtu, na hakuna mtu aliwahi kuitoa kwa mdomo mpaka mimi, mgeni wa hiyo boma, nikaitoa mbele ya watu.

Kicheko iliisha kama moto imemwagiwa maji. Mama mkwe wangu akaweka kibuyu chini pole pole, akahakikisha hakitaanguka. Akaniambia, "Mtoto ni wako. Kunywa uji kama bado iko moto, maziwa ije." Akachukua kiondo yake akatoka.

Waswahili walisema heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi. Mimi hiyo methali nilikuja kuisoma baadaye, nikiwa nimeshajikwaa.

Wacha nikuambie ile kitu ilikuwa imenishika. Miezi miwili kabla nijifungue, nilikuwa nimeenda kusikiza mhubiri mgeni hapo Karatina. Huyo mhubiri alichukua ile hadithi yetu ya Gikuyu na Mumbi, ya vile Mungu aliweka mwanaume na mke wake chini ya mlima, wakapata wasichana tu, na kila ukoo wetu ukatoka kwa msichana mmoja. Akasema hayo majina ya hao wasichana yamebeba laana. Akataja Wamuyu, yule wa mwisho. Ati hakuolewa, ati alizaa hivyo hivyo, ati ndiyo maana watu husema wasichana walikuwa tisa na yeye hawamweki. Nikashika tumbo yangu. Nikarudi nyumbani nikimhesabia mama mkwe wangu: jina yake Wamuyu, alizaa nyumbani, basi ni kweli. Nilikuwa naogopa, mwanangu, na mtu akiogopa hupenda kujiita mwenye imani.

Miaka minne hakuingia kwa nyumba yangu. Kanisani alinisalimia, akauliza mtoto hajambo, akaenda. Kati yetu kulikuwa na ua wa michongoma tu. Mwangi alikuwa anazunguka huo ua kila jioni peke yake kwenda kuona mama yake, na akirudi anakula bila kusema kitu. Mwanaume akinyamaza hivyo, ni afadhali akupigie kelele.

Nakuambia haya yote kwa sababu juzi msichana mmoja wa kanisa yetu, mwenye anasoma koleji huko Nyeri mjini, alinifuata baada ya ibada karibu analia. "Mum, wametupea kozi ya hadithi za miungu ya dunia yote. Wagiriki, Wamisri, Wahindi, hata sisi Wagikuyu tuko ndani. Nataka kuiacha. Si hiyo ni mambo ya giza?" Na kijana mwingine aliyekuwa amesimama hapo akamcheka: "Wewe, hizo ni porojo za wazee, zimeze tu kwa kichwa, upate alama, usonge mbele." Niliwaangalia wote wawili nikajiona. Mmoja anaogopa na mwingine anadharau, na hakuna hata mmoja alikuwa ameuliza hadithi inasema nini.

Mimi niliulizwa na Mwalimu Muthoni.

Shule niliachia darasa la sita. Mtoto alipofika miaka minne nikaingia ngumbaru, ile masomo ya watu wazima ya jioni, hapo kwa shule ya msingi. Tulikuwa tunakunja magoti kwa dawati ya watoto kama vyura. Mwalimu Muthoni alikuwa mama mstaafu, mzee wa kanisa, mpole, lakini mpole wa kisu. Jioni moja akasema, "Leo tunasoma hadithi za mwanzo. Watu wote duniani wako na hadithi ya vile dunia ilianza, na kwa nini tunakufa, na mvua hutoka wapi. Tutaanza mbali, tumalizie nyumbani."

Akaanza na Wamisri wa zamani, vile walisema jua ikizama inapanda mashua, inapita chini ya dunia usiku kucha ikipigana na nyoka mkubwa, na kukicha ni kwamba imeshinda. Nikainua mkono.

"Mwalimu, mimi nimeokoka. Hii mambo siwezi kuandika kwa daftari yangu."

Akavua miwani. "Mama Abi, ukienda kuona jirani mgonjwa, unalala kwa kitanda yake?"

"Hapana."

"Unafanya nini?"

"Naketi kando. Namuuliza inauma wapi."

"Basi keti kando ya hii hadithi uiulize inauma wapi. Hakuna mtu amekuambia ulale."

Watu wakacheka, na mimi nikaandika, lakini na herufi ndogo.

Akaendelea na Wagiriki. Akasema kulikuwa na mama mwenye mimea yote ilikuwa mkononi mwake, na msichana wake akachukuliwa akapelekwa chini ya ardhi. Mama akaomboleza, akakataa kitu chochote kiote, watu wakaanza kufa njaa, mpaka ikakubaliwa msichana awe anarudi juu miezi kadhaa ya mwaka. Akiwa chini ni baridi na ukame. Akirudi, shamba inakuwa kijani.

Bila kufikiria nikasema kwa sauti, "Hiyo mimi naijua!"

"Unaijua wapi, na umeokoka?"

Nikaona haya, lakini nikasema. Cucu, mama ya mama yangu, alikuwa anatuambia tukiambua mahindi: kulikuwa na ukame, watu wakamtoa msichana ndiyo mvua ije, kila mtu akaleta mbuzi wake kwa jamaa ya huyo msichana, kumnunua. Msichana akasimama katikati ya uwanja akaanza kuzama. Magoti. Kiuno. Shingo. Kila mtu anaangalia na hakuna wa kumshika mkono. Mvua ikaja kubwa. Ni kijana mmoja tu aliyempenda ndiye alimfuata huko chini akamrudisha.

Mwalimu Muthoni akauliza, "Sasa, cucu yako na huyo Mgiriki walikutana wapi? Kwa soko ya Karatina?"

Darasa yote ikaanguka kicheko.

"Hawakukutana," akasema. "Lakini wote walizika mbegu kwa udongo wakakaa wakiogopa kama itarudi. Na wote walikuwa na wasichana, na walijua watu wanaweza kuuza msichana wakisema ni kwa faida ya wote. Hiyo ndiyo inauma."

Kulikuwa na mama mmoja wa kutoka Doldol kwa wafugaji, Naserian, aliyekuwa anauza mbuzi hapo sokoni. Yeye akatuambia vile wazee wao walisema Mungu aliteremsha ng'ombe kutoka juu na kamba ya ngozi, akawapa wao zote.

Mzee mmoja wa nyuma akaguna. "Ndiyo maana mkiona zetu mnasema ni zenu!"

"Sisi hatuibangi, guka, babu yangu," Naserian akamjibu pole pole. "Tunarudisha tu."

Hata huyo mzee alicheka mpaka akatoa leso. Kicheko ilipotulia Mwalimu akamuuliza Naserian, na wewe hiyo hadithi inakusaidia nini? Akasema, "Baba yangu ukame ilimalizia ng'ombe karibu zote. Hakujinyonga. Alisema, hizi hazikuwa zangu, niliwekewa. Zile tatu zimebaki akazichunga kama wageni." Sikuwa nimewahi kufikiria mtu wa Doldol kama mtu mwenye kitu ya kunifundisha. Wazee wa kwetu wanasema asiyetembea hudhani ni mama yake tu anajua kupika.

Halafu tukafika nyumbani. "Nani atatupatia ya Gikuyu na Mumbi?"

Nikasimama mimi. Niliisema vizuri, mlima, mti, mwanaume na mke.

"Walipata wasichana wangapi?"

"Tisa."

"Wataje."

Nikawataja na vidole. Nikafika Wamuyu, na kidole ilikuwa ya kumi.

"Mbona tunasema tisa?"

"Kwa sababu yule wa mwisho hakuolewa, Mwalimu. Alizaa nyumbani. Hawakumhesabu."

Mwalimu Muthoni akafunga kitabu. Aliishi karibu na sisi na alikuwa mtu wa kanisa yetu. Sasa najua alikuwa amesikia ile nilimfanyia mama mkwe wangu.

"Mama Abi, wewe uko na watoto wangapi?"

"Mmoja."

"Ukiwa na saba na mtu asimame kwa mlango aanze kuwahesabu na kidole, moja, mbili, tatu, utafanya nini?"

"Nitamwambia awache! Watu hawahesabiwi hivyo."

"Kwa nini?"

"Ni kama kuwaitia kifo."

"Hata kwa Neno la Mungu, yule mfalme aliyehesabu watu wake, nini ilikuja?"

"Tauni," nikasema. Hiyo niliijua vizuri kuliko mhubiri.

"Sasa sikiza. Wazee hawakusema tisa wakanyamaza. Walisema tisa iliyojaa. Wamuyu ndiye huko kujaa. Hawakumwacha nje, walimficha ndani, vile unaficha mtoto kifo ikipita. Na wale watoto alizaa bila mume, walitupwa?"

"Sijui."

"Ukoo yake iko mpaka leo. Wako na jina na wako na shamba kama wengine. Watu wakitaka kutupa mtu hawaweki jina yake kwa mlango ya ukoo mzima. Hiyo hadithi iliwekwa ndiyo msichana akizaa nyumbani, baba yake ajue mahali pa kumweka. Wewe uliisoma kama barua ya polisi."

Nikaketi. Hakunigombeza zaidi ya hapo, na mwerevu, Wagikuyu wanasema, ni yule ameonywa. Nilikuwa nafikiria yule mzee, baba ya mama mkwe wangu, mwenye sikuwahi kumwona, akimkatia msichana wake shamba, huku majirani wanaangalia. Alijifunza wapi kufanya hivyo? Si ni kwa hiyo hadithi mimi niliita laana? Mume wangu alikula, akavaa, akasoma, kwa sababu ya hiyo hadithi.

Kesho yake nikaenda na mtoto. Mama mkwe wangu alikuwa anachimba viazi. Hakusimamisha jembe.

"Maitu, mama yangu, nimekuja kusema nilikosa."

"Ulikosa nini?"

"Unajua."

"Mimi najua. Sema wewe. Ulisema na mdomo, na kosa pia inasemwa na mdomo."

Nikasema yote, vile nilisema, na mahali nilisema. Nilikuwa nalia. Yeye akaokota viazi mbili, akazipangusa udongo, akazitupa kwa gunia.

"Mimi nilikusamehe ule mwaka wa kwanza," akasema, "kwa sababu Mungu hawezi kunisikiza nikiwa na kinyongo na wewe kwa roho. Lakini neno ilitoka mbele ya watu. Mimi siwezi kuirudisha huku kwa viazi. Irudi mbele ya watu."

Mwanangu, nilitamani kuambiwa nilete mbuzi kumi. Wiki nzima sikulala vizuri. Hao wanawake walikuwa wananiita dada aliyesimama imara, na kwa kikundi nilikuwa ndiye wa kuombea wengine. Jumapili, baada ya ibada, nikaomba Mama Njeri na hao wanawake wabaki nje hapo kwa nyasi, na mama mkwe wangu na mtoto pia. Nikasimama. Nikasema mimi nilimdharau huyu mama kwa kitu ambayo wazee wetu walikataa kudharau. Nikasema niliogopa na nikaita woga wangu wokovu. Nikamwita na jina yake, Wamuyu, kwa sauti, mara ya kwanza kwa maisha yangu.

Halafu mama mkwe wangu akainama kwa mtoto.

"Unajua mimi naitwa nani?"

"Cucu."

"Cucu ni kazi. Jina ni Wamuyu. Unaitaka?"

Mtoto akamwangalia kutoka kwa viatu mpaka kwa kitambaa. "Itanifanya nikuwe mzee?"

"Itangoja kwanza."

"Basi naitaka. Lakini Abigaeli nayo sirudishi."

Mama Njeri ndiye alianza vigelegele. Vile hupigiwa mtoto akizaliwa. Na kwetu, baba humwita msichana wake aliyezaliwa kwa jina ya mama yake "maitu", mama. Mwangi alikuwa amesimama karibu na mlango ya kanisa na wanaume wengine. Akakuja, akapiga goti hapo kwa nyasi na suti yake, akamwambia mtoto wa miaka minne, "Maitu, twende nyumbani." Miaka minne hiyo neno ilikuwa imemkwama, na ni mimi niliifungia.

Lakini sikudanganyi ati yote ilirudi. Maji ikimwagika haizoleki. Mama mkwe wangu aliingia kwa nyumba yangu hiyo siku, akanywa chai, akataka kumbeba mtoto mgongoni na leso vile cucu wote wanabeba. Akajaribu kumwinua. Mtoto alikuwa mzito, na miguu ilikuwa inafika chini. Akamweka, akacheka, akasema huyu amepita. Hakuwahi kumbeba. Mungu alimchukua miaka mingi baadaye, kwa amani, na tulipatana kabisa. Hata hivyo, nikiona mwanamke mzee amebeba mtoto mgongoni kwa barabara, huwa naangalia kando.

Basi sikiza, mwanangu, na wewe msichana wa koleji pia. Rudi darasani. Soma hizo hadithi za Wagiriki na Wamisri na Wahindi na za kwenu. Wewe unamjua Mungu wako, na imani haivunjwi na kusikiza. Ile inavunjwa na kusikiza ilikuwa na ufa. Usikimbilie kuuliza kama hadithi ni kweli ama ni uongo, kama askari. Uliza hawa watu walikuwa wanaogopa nini, walikuwa wanapenda nani, walikuwa wanataka mtoto wao akumbuke nini akipatwa na shida na wao hawako. Na mtu akikuambia hadithi ya watu wako ni laana, muulize alipewa na nani, na nusu ingine ameweka wapi. Wewe mwingine mwenye unacheka, kumbuka ni hadithi ilikupatia mahali pa kukaa kabla ya title deed, ile hati ya shamba. Na ukikosea mtu na mdomo, usiende kumwomba msamaha kwa kona. Rudi mahali ulisimama, mbele ya wale walisikia, ukiwa bado uko na nguvu ya kusimama na yeye bado ako na nguvu ya kukuinua.

Mungu wa wale waliomwomba wakiangalia mlima, na ndiye yule ninamwomba nikiwa nimefunga macho kwa jikoni yangu, akulinde. Baridi ya Julai isichome viazi zako. Wageni wasikose kwa meza yako, na wakianza kusimulia ya kwao, akupe subira ya kungoja wamalize. Na uwe na watu wengi, wengi mpaka ushindwe kuwahesabu. Amina.